Barua ya wazi: Voliboli ya ufukweni ifanywe kazi ya mwaka mzima

Kwa Waziri wa Michezo, viongozi wa Shirikisho la Voliboli Kenya, na magavana wa Mombasa, Kwale, Kilifi, Lamu na Tana River.

Waheshimiwa,

Salamu za heshima kutoka pwani. Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya upili ya kutwa, kaunti ya Kilifi. Nina ombi moja, na mengine yote nitakayoyasema yanalizunguka hilo: mwanamke anayeichezea Kenya voliboli ya ufukweni apewe mkataba, mshahara na ratiba ya mwaka mzima, kama mtu aliye kazini. Tusiendelee kumtafuta mashindano yakishabisha hodi.

Nianze na Olimpiki ya Tokyo, kwa kuwa hapo ndipo tulipofika mbali kuliko wakati mwingine wowote.

Mwezi Juni 2021, mjini Agadir, Morocco, wanawake wetu walishinda mashindano ya Afrika ya kuwania tikiti ya Olimpiki. Mashindano hayo yana utaratibu wake. Kila nchi huleta jozi mbili, kila jozi hucheza mechi yake, na nchi zikitoshana nguvu huchezwa mechi moja ya kuamua. Kwa hiyo tikiti ile ililetwa na wanawake wanne: Gaudencia Makokha, Brackcides Khadambi, Phosca Kasisi na Yvonne Wavinya. Mwezi mmoja baadaye Makokha na Khadambi waliingia uwanja wa Shiokaze wakiwa jozi ya kwanza ya Kenya kucheza voliboli ya ufukweni katika Olimpiki. Walipangwa kundi D na Ana Patrícia na Rebecca wa Brazili, Kelly Claes na Sarah Sponcil wa Marekani, na Tīna Graudiņa na Anastasija Kravčenoka wa Latvia. Walifungwa mechi zote tatu bila kupata seti hata moja.

Nilisikia watu wakiwacheka. Iliniuma, na hadi leo inaniuma, kwa sababu waliocheka hawakujua ni akina nani waliokuwa ng'ambo ya pili ya wavu.

Mtazameni Ana Patrícia. Mwaka 2014, akiwa na miaka 16, alikuwa tayari ametwaa dhahabu ya Olimpiki ya Vijana kule Nanjing, China, pamoja na mwenzake Duda. Mwaka 2022 wawili hao wakawa mabingwa wa dunia mjini Rome. Agosti 2024, chini ya Mnara wa Eiffel, wakavishwa dhahabu ya Olimpiki. Kutoka Nanjing hadi Paris ni miaka kumi, na miaka yote hiyo kazi yake ilikuwa ni hiyo hiyo. Wale Walatvia wawili walimaliza nafasi ya nne pale pale Tokyo. Latvia ina watu wasiofika milioni mbili na fukwe zake hufunikwa na theluji wakati wa baridi, ilhali mabinti zetu wana bahari ya kuogelea mwaka mzima. Claes na Graudiņa walisomeshwa na mchezo huu Chuo Kikuu cha Southern California, na Sponcil akasomeshwa nao chuo kikuu cha UCLA. Mabinti zetu waliotoka kufuzu mwezi uliotangulia walipangiwa wanawake ambao, tangu utotoni, kulikuwa na mtu anayelipia mazoezi yao.

Wapo watakaosema kwamba voliboli tunaijua, kwamba Malkia Strikers, timu yetu ya taifa ya wanawake ya ukumbini, wamekuwa mabingwa wa Afrika mara kumi, na taji la kumi wakalitwaa mwaka 2023 huko Yaoundé. Ni kweli, na ninawapenda kwa moyo wote. Lakini ukumbini na mchangani ni kazi mbili tofauti, na naomba mnivumilie nieleze, maana naona hapa ndipo mipango yetu inapokwama.

Ukumbini wachezaji sita hulinda eneo la mita 9 kwa 9, yaani mita 81 za mraba. Ufukweni wachezaji wawili hulinda mita 8 kwa 8, mita 64. Ukigawanya, kila mwanamke wa mchangani ana zaidi ya mara mbili ya eneo la mwenzake wa ukumbini, na anakimbia juu ya mchanga ambao kwa kanuni unatakiwa uwe na kina cha angalau sentimita 40. Hakuna wa akiba. Ukichoka, umechoka na mwenzako. Ukumbini, mpira ukigusa mikono ya anayeruka wavuni kuziba bado mna pasi tatu, lakini mchangani mguso ule umeshahesabiwa, zimebaki mbili. Ile tabia ya ukumbini ya kuudokoa mpira kwa ncha za vidole uangukie nyuma ya anayeziba hairuhusiwi. Lazima utumie vifundo vya vidole au kiganja kigumu. Hata mpira wenyewe ni tofauti, umejazwa upepo mchache kuliko ule wa ukumbini, nao hewani hupeperuka.

Halafu kuna upepo wa bahari. Jozi hubadilishana pande kila pointi saba, ili jua na upepo visimpendelee mtu. Mtoto wa Kilifi au Lamu anaujua kusi na anaijua kaskazi. Anajua kwamba upepo ukikupiga usoni, sevu yako, yaani mpigo wa kuanzisha mchezo, unaweza kuisukuma kwa nguvu nao utaibana ishuke ndani, na ukikupiga mgongoni mpira huo huo utatoka nje. Hilo hafundishwi ubaoni. Mchezaji wetu mzuri wa ukumbini anayeletwa mchangani wiki chache kabla ya safari huwa ndiyo kwanza anaanza kulisoma.

Kubwa kuliko yote ni wawili kujuana. Kabla ya kila sevu, aliye karibu na wavu huweka mikono nyuma ya kiuno na kumwonyesha mwenzake vidole: kimoja, nitaziba mpira wa kufuata mstari wa pembeni, viwili, nitaziba wa ulalo, ngumi, sitaruka kabisa. Mwenzake nyuma ana sekunde mbili za kupanga miguu yake kufuatana na vidole vile. Kwa miaka mingi kocha hakuruhusiwa kusimama pembeni akipiga kelele kama ukumbini. Jozi ya aina hiyo hujengwa kwa misimu, na hujengwa na watu ambao Jumatatu asubuhi hawana kazi nyingine inayowangoja.

Na hapo ndipo penye donda. Nchini kwetu, mwanamke hula kwa voliboli akiajiriwa na taasisi yenye timu ya ukumbini: Magereza, kampuni ya mafuta ya Pipeline, benki ya KCB, na idara ya upelelezi, DCI. Taasisi hizo zimefanya kazi kubwa na zinastahili shukrani, kwani bila wao tusingekuwa na Malkia. Lakini anayemlipa mchezaji ndiye mwenye haki ya kwanza juu ya miguu yake, na msimu wa ligi ya ukumbini haungoji mtu. Kwa hiyo mchezaji wa ufukweni ni wa kuazimwa. Huazimwa, huenda, hurudishwa.

Ulimwenguni mambo hayaendi hivyo. Tangu 2022 kuna msururu wa mashindano uitwao Beach Pro Tour, wenye ngazi tatu: Future, Challenge, na juu kabisa Elite. Jozi hupanda ngazi kwa kukusanya pointi, na pointi hupatikana kwa kusafiri na kucheza. Huku chini kwenye Future zawadi ni ndogo kiasi kwamba anayetoka Afrika hata akishinda huenda asirudishe nauli. Ndiyo maana wanaopanda ni wale ambao nyumbani kuna anayewabeba. Katika Olimpiki ya Paris, kati ya jozi 24 za wanawake, 17 zilipita kwa pointi hizo za orodha ya dunia. Sisi Afrika kwa kawaida tunabaki na mlango mmoja, ule wa mashindano ya bara, unaopitisha nchi moja tu. London 2012 ilipita Morisi, Rio 2016 ikapita Misri, Tokyo tukapita sisi, na Paris ikarudi Misri. Tunagombania mlango mmoja kila baada ya miaka minne, na ule wenye nafasi 17 hatujajaribu hata kuubisha kwa dhati.

Sasa niwapeleke ufuoni kwetu.

Ninao wasichana wanaofanya mazoezi baada ya masomo. Uwanja wetu ni kamba ya manila tunayoifunga kwenye vigingi vinne, na wavu unaoning'inia kati ya nguzo mbili za mvinje. Kabla ya kucheza tunapanga mstari na kutembea taratibu tukiokota vigae vya chupa, vipande vya matumbawe na ndoana. Saa za mazoezi tunapangiwa na bahari. Bamvua likijaa, maji hufika kwenye vigingi, na wiki hiyo tunafanya mazoezi juu, kwenye udongo mgumu ambako msichana akijirusha kuokoa mpira anainuka na magoti yamechubuka. Njia tuliyokuwa tukiteremkia ufuoni ilifungwa ukuta na mwenye kiwanja, kwa hiyo tunazunguka mbali, na wanaoishi upande wa pili hufika nyumbani giza limeshaingia.

Mmoja wao yuko kidato cha tatu. Ni mrefu, mabega yametulia, na ana kitu ambacho sijui kumfundisha mtu: anauona mpira mapema. Mwenzake akigusa tu, yeye tayari anakwenda unakokwenda. Nilikwenda kwao kumwombea ruhusa ya kusafiri kwa mashindano. Mama yake alinikaribisha, akanipa maji, akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza: "Mwalimu, mimi sikatai mwanangu kucheza. Lakini mpira huu una mshahara?"

Waheshimiwa, sikuwa na jibu la kumpa mama yule, wala halikuwa jibu langu kulitoa. Ni lenu.

Alikuwa na swali la pili, na wazazi wengi wa pwani wanalo ingawa si wote wanaolisema: mavazi. Picha wanazoziona ni za bikini, basi wanaamini mtoto hawezi kucheza bila kuvaa hivyo. Miaka mingi ilikuwa karibu hivyo. Lakini mwaka 2012, kabla ya London, shirikisho la dunia lilibadilisha kanuni na kuruhusu mavazi yanayofunika mwili zaidi ya bikini. Agosti 2016, ufukweni Copacabana, Doaa Elghobashy wa Misri, binti wa miaka 19, alicheza Olimpiki akiwa na hijabu, mikono mirefu na suruali, na pembeni yake Nada Meawad akiwa hana hijabu. Kila mmoja alivaa alivyotaka mwenyewe. Mwaka 2024 Doaa alirudi Olimpiki, safari hii na Marwa Abdelhady, bado na hijabu yake. Nilimwonyesha mama yule picha hizo kwenye simu, akaziangalia kwa muda mrefu, akamwita mumewe naye aje aone. Naliomba shirikisho lichapishe kanuni ya mavazi kwa Kiswahili, ukurasa mmoja tu, na kuutuma kila shule na kila msikiti na kanisa la pwani. Gharama yake ni karatasi, na wasichana watakaoruhusiwa kucheza kwa sababu yake watakuwa wengi.

Kuna na mlango mwingine ambao sielewi kwa nini hatuutumii. Vyuo vikuu vya Marekani vina ubingwa rasmi wa voliboli ya ufukweni tangu 2016, na ubingwa huo ni wa wanawake peke yao. Vyuo hivyo hutoa ufadhili wa masomo. Wakimbiaji wetu wanaijua njia hii kwa miongo mingi, na wapo waliorudi na shahada na medali pamoja. Mtoto wangu wa kidato cha tatu anahitaji video nzuri ya mechi zake, mtu wa kumwandaa kwa mitihani ya kujiunga, na kocha anayejua kuandika barua kwa kocha mwenzake kule. Afisa mmoja wa michezo mwenye bidii, aliyekaa Mombasa, angeweza kuwahudumia mabinti wa pwani yote.

Nazungumzia kazi, kwa hiyo lazima nizungumzie uzazi, maana ndipo kazi nyingi za wanawake hukatika. Mchezo huu huchezwa hadi umri mkubwa kuliko mingi. Kerri Walsh Jennings wa Marekani alitwaa dhahabu yake ya tatu London 2012 akiwa tayari mama, tena akiwa na mimba changa, na miaka minne baadaye akapata shaba Rio akiwa amepita miaka 35. Laura Ludwig wa Ujerumani alishinda dhahabu Rio, akazaa, akacheza Tokyo, akazaa tena, akacheza Paris. Na kwa anayesema hao ni wa nchi tajiri, kuna Miller Pata wa Vanuatu, visiwa vyenye wakazi wapatao 300,000 katika Bahari ya Pasifiki, aliyepata shaba ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 2018 na Linline Matauatu, naye ni mama aliyekuwa na mtoto mdogo. Watu 300,000 ni wachache kuliko wakazi wa Kwale. Mkataba ninaouomba uwe na likizo ya uzazi yenye malipo na nafasi ya kurudi kwenye jozi. Bila hivyo tutawapoteza wachezaji wakiwa na miaka 24, wakati ndipo wanapoanza kuuelewa upepo.

Kwenu magavana nina neno la sheria. Katiba yetu ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya pili, kifungu cha nne, inazipa kaunti mamlaka ya michezo na vifaa vyake. Kipengele kinachofuata hapo hapo kinataja bustani za kaunti, fukwe na maeneo ya burudani. Mchezo na mchanga wake vimewekwa mikononi mwenu, mstari kwa mstari. Hakuna serikali nyingine ya kusubiriwa. Naomba kila kaunti ya pwani iwe na uwanja wa mchanga ulio juu ya alama ya maji ya bamvua, wenye viwanja viwili au vitatu, mchanga uliochekechwa, taa, choo na chumba cha wasichana kubadilishia nguo, na njia ya wazi ya kufika hapo kwa miguu. Mchanga si wa kununua mbali. Ukilinganisha na uwanja wa ukumbi wenye paa na sakafu ya mbao, gharama yake ni ndogo sana.

Kwenu shirikisho na wizara, naomba jozi nne za wanawake zipewe mkataba wa miaka miwili miwili, ziishi na kufanya mazoezi pwani. Nasema nne kwa sababu mashindano ya Afrika yanadai mbili, na hizo mbili zinahitaji wa kuwasukuma. Mmoja kati ya kila wanne awe chini ya miaka 20. Mshahara usipungue ule ambao mwenzake wa ukumbini hulipwa, bima ya matibabu iwemo, hasa ya magoti na mabega. Jozi zipelekwe kwenye Future na Challenge kwa mpango unaojulikana mwanzo wa mwaka. Kalenda ya mashindano ya nchini nayo itolewe Januari, ili mwalimu kama mimi ajue ni lini aombe ruhusa na ni lini aanze kuchanga nauli. Na mazungumzo na taasisi zenye timu za ukumbini yafanywe mapema, kwa heshima, ili mchezaji anayehamia mchangani asionekane msaliti wala asipoteze cheo chake kazini.

Shuleni pia. Nguvu ya Malkia imetoka katika shule kama Kwanthanze kule Machakos na Cheptil kule Nandi, ambako msichana hushika mpira akiwa mdogo na kuukuta kila siku. Pwani tupewe nafasi ya kuwa na shule kama hizo za mchangani, zenye bweni, kocha na lishe. Michezo ya Olimpiki ya Vijana iliyopangwa kufanyika Dakar mwaka 2026 ni ya kwanza kuja Afrika. Kwa umri ambao Ana Patrícia alishinda Nanjing, wasichana wangu bado wanaokota vigae kabla ya kucheza.

Olimpiki ya 2028 ni Los Angeles, na voliboli ya ufukweni itachezwa Long Beach. Jozi inayotaka kufika huko kwa pointi inapaswa kuwa inasafiri sasa. Bajeti za kaunti na ya taifa hupitishwa kabla ya tarehe 30 Juni. Vikao vya umma vya kujadili bajeti vitakapoitishwa katika wadi yetu nitakuja, na wazazi wamesema watakuja pamoja nami, akiwemo yule mama. Tunaomba tukute voliboli ya ufukweni ya wanawake imeandikwa humo kwa jina lake, na kiasi cha fedha mbele yake. Na kama haikuandikwa, tunaomba tuelezwe sababu mbele ya watu, kwa kinywa cha mwenye dhamana.

Wenu katika kuwatumikia watoto,

Mwalimu wa michezo,
Kaunti ya Kilifi